Pasipoti ikipotea ugenini: ubalozi unafanya nini, na ndugu nyumbani wafanye nini

Kuna swali linalorudi kila tunapogusa habari za vijana wetu wanaokwenda kutafuta maisha nje ya nchi. Mara nyingi anayeuliza ni mama au kaka mkubwa: "Mtoto wetu yuko Oman, anasema hana pasipoti. Sasa atarudije?" Muda wa kipindi hautoshi kulijibu vizuri, kwa hiyo tumeliandika hapa ulisome taratibu, umsomee jirani, au umtumie ndugu yako aliye mbali.

Tuanze na la msingi. Pasipoti ikipotea, uraia haujapotea. Pasipoti ni kitabu kinachomwonyesha askari wa mpakani kwamba wewe ni Mtanzania. Kitabu kikienda, Utanzania wako unabaki palepale, ila unahitaji kuthibitishwa upya. Kazi ya ubalozi ni kufanya uthibitisho huo, halafu kukupa karatasi ya kukufikisha nyumbani. Na ushahidi mwingi unaotakiwa uko huku kwetu: kwenye sanduku la mama, kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji, kwenye kumbukumbu za Uhamiaji na za NIDA. Ndiyo maana makala haya yanamhusu aliyesafiri na yanamhusu pia aliyebaki.

UBALOZI UPO KWA AJILI YA NANI

Watu wengi hudhani ubalozi ni nyumba ya wakubwa, na kwamba mtu wa kawaida akibisha hodi atafukuzwa. Sivyo. Mwaka 1963 mataifa yalikubaliana mjini Vienna, Austria, juu ya mkataba unaoeleza kazi za ofisi za kikonseli, yaani zile ofisi za nchi moja zinazohudumia watu wake ndani ya nchi nyingine. Mkataba huo, ambao Tanzania nayo imeuridhia, unataja kazi mbili zinazokugusa moja kwa moja: kuwasaidia raia wa nchi husika, na kuwapa pasipoti au hati za kusafiria. Kwa hiyo ukienda kuomba hati ya kurudia nyumbani, unaomba huduma ambayo ofisi ile iliwekwa pale kuitoa. Uliingia nchi ile kama mfanyakazi wa ndani, mfanyabiashara, mwanafunzi au mgonjwa, huduma ni ileile.

Tanzania ina ubalozi Muscat kwa walioko Oman, Riyadh kwa walioko Saudi Arabia, Doha kwa walioko Qatar na Abu Dhabi kwa walioko Falme za Kiarabu. Dubai kuna ubalozi mdogo. Walioko China wana ubalozi Beijing na ubalozi mdogo Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wengi hufuata mizigo. Walioko Afrika Kusini huenda Pretoria, walioko India huenda New Delhi. Kwa majirani tuna ofisi Nairobi na Mombasa, Lusaka, Maputo, Kinshasa na Lubumbashi.

Na kama uko kwenye nchi ambayo haina ubalozi wetu? Hapo kuna ubalozi wa nchi ya jirani uliopewa jukumu la kuihudumia. Mfano, ubalozi wetu wa Stockholm, Sweden, ndio unaowahudumia pia Watanzania walioko Norway, Denmark na Finland. Usikate tamaa kwa sababu huoni bendera yetu mjini kwako. Uliza Wizara ya Mambo ya Nje ni ubalozi upi unaohudumia nchi uliyopo.

IMEPOTEA, IMEIBWA, AU IMESHIKWA?

Hapa tunaomba usome polepole, maana kosa la mahali hapa limewatia watu matatani.

Kupotea ni pale ambapo hujui ilipo: uliisahau kwenye teksi, ilianguka sokoni, au nyumba iliungua. Kuibwa ni pale mtu alipochukua mkoba wako na pasipoti ikiwa ndani. Kushikwa ni pale unapojua kabisa iko wapi: iko kabatini kwa bosi, au kwa wakala aliyekupokea uwanja wa ndege.

Hili la tatu ndilo tunalolisikia zaidi kutoka kwa mabinti wanaofanya kazi za ndani Uarabuni. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi wao walieleza kwamba pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri au mawakala.

Kuna wanaoamini kwamba huo ndio utaratibu halali wa kule. Si kweli. Oman ilitoa waraka tangu mwaka 2006 unaowakataza waajiri kushikilia pasipoti za wafanyakazi. Qatar ina sheria namba 21 ya mwaka 2015, ambayo mwajiri anayeshikilia pasipoti anaweza kutozwa faini ya hadi riyali 25,000. Falme za Kiarabu ziliandika haki ya mfanyakazi wa ndani kukaa na hati zake kwenye sheria ya mwaka 2017. Tatizo ni kwamba binti aliyefungiwa ndani ya nyumba hana njia rahisi ya kuidai haki hiyo peke yake. Ubalozi unaweza kuidai pamoja naye.

Sasa angalizo. Kama pasipoti imeshikwa, usiende polisi ukasema imepotea. Bosi akiitoa mezani kesho yake, wewe ndiye utaonekana mwongo, na kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa. Mweleze ofisa wa ubalozi ukweli ulivyo: nani anayo, tangu lini, na kwa nini umeondoka kwenye nyumba hiyo kama umeondoka. Ubalozi unaweza kumpigia mwajiri, kumwita, au kulifikisha jambo hilo kwenye mamlaka za kazi za nchi hiyo. Mara nyingine pasipoti hupatikana kwa njia hiyo, na safari inakuwa nyepesi kuliko ya kuanza hati mpya.

SAA 24 ZA KWANZA

Kama kweli imepotea au imeibwa, fuata mpangilio huu.

Kwanza, tafuta kwa utulivu. Rudi ulikopita, uliza hotelini, kwenye duka ulilobadilisha fedha, kwa dereva. Jipe saa chache, si siku nyingi.

Pili, nenda polisi wa nchi uliyopo na uombe taarifa ya upotevu kwa maandishi. Karatasi hii ndiyo itakayodaiwa kila mahali: ubalozini, uhamiaji wa nchi ile, na ukirudi nyumbani. Hakikisha ina jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, na mahali ilipopotelea. Kama ipo kwa Kiarabu au Kichina peke yake, ipokee hivyohivyo, kisha ipige picha. Kama uko hatarini, namba za dharura ni hizi: Oman 9999, Falme za Kiarabu na Qatar 999, Kuwait 112, China 110, Afrika Kusini 10111.

Tatu, wasiliana na ubalozi. Usisubiri mpaka siku ya ndege. Angalia pia siku za kazi, maana zinachanganya wengi. Muscat na Riyadh wiki ya kazi huanza Jumapili na kuishia Alhamisi, kwa hiyo Ijumaa usitegemee ofisi. Falme za Kiarabu, tangu Januari 2022, ofisi za serikali hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na Ijumaa hufunga mapema. Saa za Muscat na Dubai ziko mbele ya zetu kwa saa moja.

Nne, mjulishe mtu mmoja nyumbani. Mmoja tu, unayemwamini, mwenye simu inayopatikana. Huyo ndiye atakayekusanya karatasi na kujibu simu za maofisa. Ukiwapigia watu kumi, kila mmoja atadhani mwenzake anashughulikia.

Kwa wanaokwenda Hija au Umra, taarifa ya kwanza mpe kiongozi wa kikundi chako. Yeye ana orodha ya pasipoti na anajua ofisi ya kuanzia.

UJUMBE WA KWANZA KWA UBALOZI

Ukipiga simu ukiwa na hofu, unaweza kuongea dakika tano bila kusema jambo la maana, na salio likaisha. Andika kwanza. Ujumbe mzuri ni mfupi na una mambo haya:

"Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naitwa (majina matatu kama yalivyo kwenye pasipoti), nimezaliwa tarehe fulani, kijiji fulani, wilaya fulani. Nipo mji fulani, mtaa fulani. Pasipoti yangu imepotea tarehe fulani. Namba yake ni hii (kama unayo). Namba yangu ya NIDA ni hii. Nimeshatoa taarifa polisi. Ndugu yangu aliyeko nyumbani ni fulani, simu yake ni hii. Naomba msaada wa hati ya kurudi."

Kama uko hatarini, anza na hilo kabla ya yote: "Nimefungiwa ndani," au "Ninaumwa," au "Nimetoka kwa mwajiri, sina pa kulala." Ofisa anapokea ujumbe mwingi, na maneno hayo yatamwonyesha kipi hakiwezi kusubiri mpaka kesho.

UKIFIKA UBALOZINI

Nenda na taarifa ya polisi, picha ndogo za pasipoti, nakala ya pasipoti iliyopotea kama unayo, namba ya NIDA au cheti cha kuzaliwa, na karatasi yoyote ya nchi ile kama kibali cha ukaazi, viza au mkataba wa kazi. Utajaza fomu na utahojiwa.

Aliyekuwa na pasipoti ya kielektroniki, ile iliyoanza kutolewa Januari 2018, ana unafuu. Alipoiomba alipigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na taarifa hizo zimehifadhiwa na Idara ya Uhamiaji. Majina sahihi au namba ya pasipoti vinatosha kuanzia kutafuta.

Kisha kuna jambo ambalo halibadiliki: pasipoti ikishatangazwa kupotea na kufutwa, imekufa. Nchi inaweza kuiingiza kwenye orodha ya Interpol ya hati zilizopotea na kuibwa, ambayo ipo tangu mwaka 2002 na husomwa kwenye mipaka ya nchi nyingi. Ukiiokota wiki inayofuata chini ya godoro usiseme "bahati yangu" ukaenda nayo uwanja wa ndege. Mashine itaisoma kama pasipoti ya wizi, na utashushwa kwenye foleni. Ipeleke ubalozini.

KAMA HUNA HATA KIPANDE CHA KARATASI

Inatokea. Mtu ametoka kwenye nyumba usiku na nguo alizovaa, simu imebaki. Hapo ubalozi hauwezi kukuamini kwa kuwa unaongea Kiswahili tu, maana Kiswahili kinaongewa Kenya, Uganda, Burundi, Kongo, na hata Oman kwenyewe kuna wenyeji wanaokiongea vizuri kuliko baadhi yetu.

Utaulizwa maswali ambayo mtu wa nje hawezi kuyajibu. Umezaliwa kitongoji gani? Mwenyekiti wa kijiji anaitwa nani? Ulisoma shule gani ya msingi, na mwalimu mkuu alikuwa nani? Babu mzaa mama ametokea wapi? Kutoka kwenu kwenda mjini mnapandia gari wapi? Usiyachukulie kama dharau. Kila jibu lako ni uzi wa kuvuta: ofisa anaweza kuandika nyumbani, Uhamiaji wa wilaya wakamuuliza mtendaji wa kijiji, naye akasema, "Huyu ni mtoto wetu, wazazi wake wako hapa."

Kwa hiyo sema ukweli, hasa kuhusu jina na umri. Tunajua kuna mabinti walioondoka kwa majina yasiyo yao, au waliongezewa miaka na dalali ili wapate pasipoti. Binti aliyesafiri kwa jina la dada yake akija kutaja jina lake halisi, kumbukumbu hazitalingana, na uthibitisho utachukua muda mrefu. Hata hivyo ni afadhali aliseme hilo ubalozini siku ya kwanza kuliko ligundulike siku ya kumi.

KAZI YA NDUGU ALIYEKO NYUMBANI

Wewe uliyeko kijijini, hii ndiyo sehemu yako.

Kusanya cheti cha kuzaliwa cha aliyepotelewa, namba yake ya NIDA, vyeti vya shule, na nakala ya pasipoti kama aliiacha. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, ulizia RITA kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Kwa Zanzibar, nenda kwenye wakala wa usajili wa matukio ya kijamii, na kitambulisho cha Mzanzibari nacho kitafutwe. Tafuta pia cheti au kitambulisho cha mzazi mmoja, kwa sababu uraia wa mtoto huthibitishwa kwa kutazama wazazi.

Nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, umweleze, na umwombe barua ya utambulisho yenye mhuri. Kwa Zanzibar ni kwa sheha. Mwambie pia anaweza kuulizwa na Uhamiaji, ili simu ikija asishtuke akasema hamjui.

Piga picha karatasi hizo mchana, mahali penye mwanga, kila karatasi peke yake, pembe zote nne zionekane. Kama una simu ya kitochi, mwombe mwalimu, muuguzi au mwenye duka la kutolea nakala akutumie, ila usimame pale mpaka amalize, na umwombe azifute kwenye simu yake.

Kama ndugu yako amenyamaza kwa siku nyingi, au mmesikia tu kwa watu kwamba amekwama, andikeni kwa Wizara ya Mambo ya Nje, Dodoma, ambayo pia ina ofisi Zanzibar. Elezeni jina kamili, nchi na mji alioko, jina la mwajiri au wakala, simu ya mwisho aliyotumia na tarehe mliyozungumza naye mara ya mwisho. Jina la wakala ni la thamani kubwa. Yeye ndiye aliyempeleka, na ndiye wa kwanza kuulizwa.

HATI YA DHARURA NI HATUA MOJAWAPO

Ubalozi ukiridhika, kwa kawaida utakupa hati ya dharura ya safari. Watu wa mipakani wanaijua vizuri, ndiyo ileile ya karatasi wanayochukua Uhamiaji wanapovuka kwenda nchi jirani. Kwa aliyekwama mbali, kazi yake ni moja: kumrudisha nyumbani. Haikupi ruhusa ya kuendelea kufanya kazi kule, wala kupitia nchi ya tatu kutembea. Kabla ya kununua tiketi, uliza kama ndege inapitia nchi itakayoikubali hati hiyo. Ndege ya moja kwa moja, au inayobadilishwa uwanjani bila kutoka nje, ina usumbufu mdogo.

Wengi hushangilia wakishaipata, wakidhani sasa ni kupanda ndege. Bado kuna mlango mmoja, nao hauko mikononi mwa Tanzania. Ni mlango wa uhamiaji wa nchi ile. Viza yako ilikuwa ndani ya pasipoti iliyopotea, au kibali chako kiko kwenye jina la mwajiri. Wao watataka kujua uliingia lini, kibali kimeisha lini, na kama kuna deni la faini ya kuzidisha muda.

Kuna pia kesi ya kutoroka. Mfanyakazi akiondoka kwa mwajiri bila makubaliano, mwajiri anaweza kumripoti kwamba ametoroka. Saudi Arabia wanaiita huruub. Ukiwa na ripoti hiyo unaweza kuzuiwa uwanja wa ndege hata kama hati yako ya dharura ni halali kabisa. Ndiyo maana tunasema usikimbie kimyakimya kisha ukakaa miezi kwa marafiki. Fika ubalozini mapema, uandikishe malalamiko yako kuhusu mshahara au kipigo, ili kuwe na maelezo ya upande wako kabla upande wa pili haujasikilizwa peke yake.

Mara chache nchi hutangaza msamaha kwa waliozidisha muda. Falme za Kiarabu zilifanya hivyo kuanzia 1 Septemba hadi 31 Desemba 2024, na watu waliruhusiwa kuondoka bila faini. Aliyekuwa tayari na hati yake mkononi alinufaika haraka. Aliyekuwa bado anatafuta cheti cha kuzaliwa alishindana na kalenda.

AMBAYO UBALOZI HAUWEZI

Ni vizuri kujua mipaka, ili usipoteze siku ukidai kisichowezekana.

Ubalozi hauwezi kuamuru polisi au mahakama ya nchi nyingine. Hauwezi kukutoa gerezani, wala kufuta deni au kesi yako. Faini zako na nauli ya ndege usitegemee kwamba italipa serikali. Familia nyingi hujichangisha, na jumuiya za Watanzania wanaoishi kule husaidia pale zinapoweza. Ofisa wa ubalozi hawezi pia kuingia kwenye nyumba ya mtu kukutoa. Anaweza kuwasukuma polisi wa nchi ile wafanye hivyo.

Hata hivyo, ukikamatwa kwa kukosa hati, una haki moja ambayo mkataba ule wa 1963 unaitaja kwenye kifungu cha 36. Ukiomba, wenye mamlaka wanatakiwa kuujulisha ubalozi wako bila kuchelewa, na maofisa wa ubalozi wana haki ya kukutembelea. Maneno ya kusema ni mepesi: "Mimi ni Mtanzania, naomba ubalozi wangu ujulishwe." Yakariri kwa Kiingereza au Kiarabu kabla hujasafiri. Na usitie saini karatasi usiyoielewa.

TAHADHARI NA MATAPELI

Palipo na mtu aliyekwama, vishoka hawako mbali. Jihadharini na haya.

Mtu anawapigia nyumbani akisema ni ofisa wa ubalozi, tumeni pesa kwa namba hii ya simu mtoto aachiwe leo. Kateni simu, kisha wasilianeni na ubalozi wenyewe au Wizara kwa namba mliyoitafuta ninyi. Malipo ya serikali yana risiti.

Mtu anamwambia aliyekwama, "Nipe hela, nitakutengenezea pasipoti kwa siku mbili." Pasipoti ya kughushi inageuza shida ya kupotelewa kuwa kesi ya jinai ugenini.

Mwingine anaomba picha ya pasipoti yako kwenye kundi la Facebook au WhatsApp "akusaidie". Picha hiyo ina jina, tarehe ya kuzaliwa na namba. Mtume ndugu yako au ofisi, usiibandike hadharani.

Na usiweke pasipoti rehani kwa mkopo. Pasipoti ni mali ya serikali. Wewe umekabidhiwa kuitumia.

KABLA HUJAONDOKA NYUMBANI

Kila tulilolieleza hapo juu linakuwa rahisi kama maandalizi yalifanyika. Ni kazi ya nusu siku.

Toa nakala mbili za ukurasa wa pasipoti wenye picha na za viza. Moja kaa nayo mbali na pasipoti yenyewe, moja mwachie mama. Andika namba ya pasipoti na namba ya NIDA kwenye daftari la nyumbani, kwa kalamu, maana simu huharibika. Jitumie picha hizo kwenye barua pepe unayoikumbuka neno la siri. Kariri namba moja ya simu ya nyumbani kichwani. Ukiporwa simu, hiyo ndiyo itabaki. Andika jina na simu ya wakala, jina la mwajiri na mji, uache nyumbani. Hakikisha mkataba wako umepitia njia halali ya ajira za nje, na nakala yake ibaki kwa familia. Ukifika, jitambulishe kwa ubalozi hata kwa ujumbe mfupi.

UKISHARUDI

Uwanjani hati ya dharura itachukuliwa au kugongwa mhuri, na unaweza kuulizwa ilikuwaje. Jibu kama ulivyojibu ubalozini. Ukitaka pasipoti nyingine, utaomba Uhamiaji ukiwa na taarifa ya polisi ya upotevu pamoja na maelezo ya kilichotokea. Tunza karatasi zote ulizorudi nazo, maana bila hizo utaanza kueleza upya kila dirisha.

MASWALI TUNAYOULIZWA SANA

Naogopa ubalozi utaniripoti kwa sababu kibali changu kimeisha. Je, niende? Nenda. Kibali ni suala la nchi ile, na ubalozi unataka kukuona umerudi salama. Ukibaki umejificha faini huongezeka, na siku ukiugua hospitali itakuuliza hati.

Mtoto amezaliwa kule na hana karatasi yoyote. Anza na cheti au taarifa ya kuzaliwa ya hospitali, uipeleke ubalozini mapema. Mtoto naye anahitaji hati yake ya kusafiria. Usisubiri mpaka tiketi yako ikatwe.

Niko mbali na mji wenye ubalozi. Salalah kwenda Muscat ni karibu kilomita 1,000, kwa hiyo usiondoke kabla ya kuwasiliana. Tuma picha za karatasi kwanza, uliza kipi kinakosekana, ndipo usafiri ukiwa umekamilika.

Kama una ndugu aliye nje ya nchi, mpigie leo jioni umuulize mambo mawili tu: pasipoti yako iko wapi, na namba yake ni ngapi? Akijibu, iandike kwenye daftari. Akisema iko kwa bosi, mmejua pa kuanzia kabla jambo halijaharibika.